Mkono wa Ljubinka

Jumatatu, 11 Septemba

Nimekwisha. Leo baada ya mazoezi nilikuwa nyuma ya pazia la jukwaa, nimepiga magoti natafuta soksi yangu ya pili, nikamsikia Ljubinka akimwomba Bi Verica ambadilishie nafasi kwenye mstari. Aliomba taratibu, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Hakutaja jina la mtu. Lakini kushoto kwake yuko Bi Verica mwenyewe, na kulia kwake niko mimi. Bi Verica ndiye mwalimu wetu wa ngoma na hajawahi kumkera mtu asiyestahili. Nani amebaki?

Sababu naijua. Ninayo hapa, inalowesha ukurasa huu. Ni viganja vyangu. Vinatoa jasho tangu nikiwa shule ya msingi, joto na baridi, harusini na msibani. Kazini, kwenye kidirisha cha tiketi cha kituo cha treni, abiria hupokea tiketi yangu kisha hutazama juu, kuona kama dari linavuja. Juzi mama mmoja aliyekuwa akienda Niš alishushwa njiani kwa sababu tarehe ilikuwa imegeuka doa la bluu.

Hayo nimeyazoea. Lakini kolo! Ngoma hii yetu ya jadi haichezwi bila kushikana mikono, mwanzo hadi mwisho, mstari mzima. Sisi ni kundi la wakongwe la Jumba la Utamaduni, watu wa makamo ambao matumbo yametangulia, na kila siku ya mazoezi nashika mkono wa Ljubinka. Ni mjane. Anapika katika jiko la chekechea. Akicheka, hucheka kwa chini chini, mabega ndiyo yanayosema. Nampenda. Haya, nimeandika. Kumwambia sijamwambia na sioni nitamwambia lini, ila mkono wake ninao, na mtu mzima anaweza kuishi na hilo miaka.

Sasa wataninyang'anya. Jumamosi ya tarehe 23 tunacheza uwanjani kwenye tamasha la pilipili hoho, mji mzima ukitazama. Bi Verica atatangaza mstari mpya Ijumaa, siku moja kabla. Na Radisav, mwalimu mstaafu wa michezo, alikuwa palepale akinyoosha misuli ya mapaja. Lazima alisikia. Viganja vya Radisav ni vikavu kama msasa. Anavisuguasugua kwa makusudi nikiwa karibu.

Jumanne, 12 Septemba

Sikulala. Asubuhi Mama aliona macho yangu akataka kujua nimekula nini. Nilikosea, nikamwambia ukweli kuhusu viganja, lakini si kuhusu Ljubinka. Mama alikaa chini, akanikumbusha kwamba ni kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mtoto nilikuwa natembea peku juu ya sakafu ya vigae. Ubaridi ukaingia miguuni, ukasukuma maji juu, na maji yakatafuta pa kutokea. Alieleza vizuri sana, kwa kidole, juu ya mwili wake mwenyewe.

Kisha akafunga madirisha yote. Jasho na upepo wa mkato havikai nyumba moja, kasema, na hapo siwezi kumbishia. Mimi ni mtu niliyesoma, mambo ya majini na vijicho siyaamini. Lakini upepo wa mkato, ule unaoingia dirisha hili na kutokea mlango ule, huo si imani, huo ni ukweli. Binamu wa marehemu baba alikaa kati ya madirisha mawili akiwa na jasho, kule Vranje, na mdomo wake ukaenda upande hadi leo. Sasa karibu anywe kahawa kwa sikio.

Kwa hiyo nilikaa ndani, madirisha yamefungwa, fulana za ndani mbili, nikinywa chai chungu ya majani ya mlimani ambayo Mama anasema inakausha. Ilikuwa ya moto sana. Nilitoa jasho hadi kwenye visigino. Mama alitazama akafurahi. Alisema, "Unaona, linatoka lote hilo, mwanangu. Likiisha, limeisha."

Halikuisha.

Jumatano, 13 Septemba

Mpango wa kwanza: unga laini wa mahindi, ule wa kuzitia uzito supu. Nimefikiri vizuri. Wanaonyanyua vyuma hupaka vumbi jeupe viganjani, nimeona kwenye televisheni. Niliujaza mifuko yote miwili ya suruali. Kabla ya akodiani kuanza nilitia mikono mifukoni kwa utulivu, kama bwana fulani anayengoja treni, nikaitoa ikiwa mikavu. Mikavu! Ljubinka aliponishika alinitazama kidogo. Moyo ulinienda mbio.

Mduara wa kwanza, safi kabisa. Wa pili, nilihisi kitu kinateleza. Wa tatu, tulikuwa na donge. Sikujua kwamba unga huo na jasho, vikikandwa kwa hatua za haraka, vinageuka kitu chenye uhai wake. Kilitoka kati ya vidole vyetu. Kilidondokea kiatu cha Bi Verica. Nilimwachia mkono Ljubinka nikajipangusa kwenye suruali, lakini suruali nayo ilikuwa na unga, nikaurudisha mkono ukiwa mbaya kuliko ulivyotoka.

Radisav, kutoka upande wa pili wa mstari, aliuliza kwa sauti kali kama filimbi, "Jirani, mkate unaiva saa ngapi?" Watu wakacheka. Ljubinka hakucheka. Alienda bombani, akaosha, akarudi, akasimama mahali pake. Ningeona afadhali angecheka.

Nyumbani Mama ametazama mifuko ya suruali na kuuliza kama nimeanza kuiba.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimekwenda kwa daktari. Zahanati ya mjini, Daktari Nevenka, mwanamke mrefu mwenye miwani kwenye kamba. Nilimwambia nimekuja kwa niaba ya rafiki yangu ambaye viganja vyake vinatoa jasho. Alinyoosha mkono kunisalimia. Sikuwa na pa kukimbilia. Alinishika, hakupangusa, akageuza kiganja changu kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama kama mtu anayechagua tikiti maji. Akasema rafiki yangu ana hali inayojulikana sana na akae chini.

Aliuliza maswali mengi. Je, jasho lilianza juzi au tangu utoto? Tangu utoto. Linatoka nikiwa usingizini? Hapana. Nimekonda ghafla? Nilimwonyesha tumbo. Kuna mwingine katika ukoo? Nikakumbuka baba alikuwa hashiki gazeti bila kitambaa. Alisema atapima damu hata hivyo, kuangalia tezi ya shingoni, kwa sababu jasho la ghafla au la usiku la mwili mzima linaweza kuwa dalili ya ugonjwa mwingine. Lakini langu lina sura ya lile la kuzaliwa nalo. Si uchafu. Si vigae. Tezi za jasho ni nzima kabisa, ila mishipa ya fahamu inazipigia kelele bila sababu, kama bosi asiyejua kunyamaza. Na nikiogopa jasho, kelele zinaongezeka.

Dawa zipo, tena kwa ngazi. Kwanza ya kupaka, yenye chumvi ya alumini: usiku, juu ya mikono mikavu kabisa, kidogo tu, kisha kuosha asubuhi. Aliitaja mikavu mara mbili. Inataka subira, wiki kadhaa. Isipofaa, kuna mabeseni ya maji yanayopitishwa umeme mdogo, kwa mashine yake maalumu. Niliuliza kama umeme wa treni ungefaa, kwa kuwa nina jamaa kwenye karakana. Alisema hapana kabla sijamaliza sentensi. Kuna vidonge, ila vinakausha na mdomo. Kuna sindano. Upasuaji ni wa mwisho, na jasho linaweza kuhamia mgongoni. Nilifikiri jinsi kolo haigusi mgongo, nikaomba upasuaji. Alivua miwani.

Mwishoni aliniuliza huwa nafanya nini mikono ikilowa mbele za watu. Nikamwambia ninaificha, bila shaka. Alisema hicho nacho tungekizungumza siku nyingine. Sikuelewa kuna nini cha kuzungumza.

Ninayo chupa. Wiki kadhaa! Tamasha ni Jumamosi ijayo. Huyu mama hajui maisha.

Ijumaa, 15 Septemba

Mpango wa pili. Kama kidogo usiku kinafaa baada ya wiki kadhaa, nyingi mchana itafaa leo. Hii ni hesabu tu. Nilijipaka chooni kabla ya mazoezi, tabaka juu ya tabaka, hadi chupa ikawa nyepesi. Mikono ilikuwa imelowa, lakini yangu ikauke saa ngapi, kwa amri ya nani?

Mwanzoni hakuna kitu. Kisha kuwasha. Kisha moto! Kana kwamba nimemenya pilipili za mji mzima. Viganja vilikuwa vyekundu, na juu ya wekundu, jasho kama kawaida yake, halina habari. Bi Verica akapiga makofi, akodiani ikaanza, na Ljubinka akanyoosha mkono wake. Nilimpa vidole viwili. Nilivumilia mduara mmoja nikiwa nang'ata meno. Kwenye ile hatua ya kuruka mbele, pale ambapo mstari wote unavutana, nikaachia. Nilipuliza viganja. Ni kitambo kidogo tu. Nilipogeuka, Ljubinka alikuwa ameyumba hadi kwenye mabega ya Bi Verica, mkono wake wa kulia ungali umenyooshwa, hauna mtu.

Niliomba radhi nikasema ni kikwapa. Sijui kwa nini nilisema kikwapa.

Radisav alimshika kiwiko, akamwuliza kama yuko sawa, "dada yangu". Dada yangu! Tangu lini?

Jumapili, 17 Septemba

Mikono imetulia, imeanza kubanduka ngozi. Nimeikanda kwa maziwa mgando. Mama anasema daktari amenichoma makusudi ili nirudi.

Nimefikiri siku nzima, na nimeona kosa langu liko wapi. Nimekuwa nikihangaika na viganja, wakati viganja havitakauka wiki hii hata nivianike juu ya paa. Ninayepaswa kuhangaika naye ni Radisav. Bi Verica anataka mstari kamili. Radisav akiwa mgonjwa, Ljubinka atahamishiwa kwa nani? Hakuna mwanamume mwingine mwenye kimo chake. Atabaki kwangu, hata kama hataki. Si jambo zuri sana nikiliandika hivyo, lakini mtu anayezama hachagui kamba ya rangi gani.

Namna ya kumfanya Radisav awe mgonjwa bila kumdhuru sana, ninaijua. Kila mtu mjini hapa anaijua tangu kunyonya. Katikati ya mazoezi tunapumzika, na Radisav hukaa palepale kila siku, kwenye benchi chini ya dirisha la kaskazini, shingo imelowa, amefungua vifungo vitatu ili wanawake waone kifua. Mbele yake, moja kwa moja, kuna mlango wa ukumbi.

Dirisha. Mlango. Radisav katikati.

Nimejiogopa kidogo.

Jumatatu, 18 Septemba

Imefanyika!

Wakati wa mapumziko niliegemea ukutani kama mtu anayetafakari maisha. Radisav alikaa, akafungua vifungo. Nilipeleka mkono nyuma nikazungusha kitasa, nikasukuma dirisha kiasi cha ngumi. Halafu nikatembea, nikipiga mluzi, nikaufungua mlango na kuuegeshea ndoo. Niliuona upepo ukipita. Pazia lilivuta pumzi. Nywele chache za Radisav zilisimama, yeye akiendelea kunywa maji na kusimulia jinsi alivyokuwa akiruka viunzi jeshini.

Nilikuwa nimehesabia Radisav peke yake. Nilisahau kwamba ukumbi una watu wengine, na wote wametoka jasho, na wote wamelelewa na mama zao. Bi Verica ndiye aliyeuhisi kwanza. Alikuwa katikati ya sentensi, akanyamaza, akashika kiuno. Akasema kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele, "Nani amefungua?" Basi ikawa vurugu. Wanawake walijifunga mitandio viunoni kuokoa figo. Mpiga akodiani alijikinga kwa akodiani. Mtu alikimbilia mlango, mwingine dirisha, na walipovifunga vyote viwili kwa pamoja ilisikika kama bunduki.

Aliyefunga dirisha alitazama kiganja chake. Akakiinua wote wakione. Kitasa kilikuwa kimelowa chepechepe.

Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Nilisema ni unyevu wa hewa, kwamba chuma cha zamani hufanya hivyo majira haya, na kwamba niliwahi kusoma. Nilipokuwa nasema, tone lilidondoka kutoka kidole changu cha shahada hadi sakafuni, na nadhani kila mtu alilisikia. Ljubinka alinitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyechoka kusoma mwandiko mbaya. Nikajikaza kisabuni nikaenda kuchukua koti.

Jumanne, 19 Septemba

Radisav ameshikwa shingo! Nimeambiwa na mwuza magazeti wa kituoni. Ameamka kichwa kimelala bega la kushoto na hakirudi. Nilimpa mwuza magazeti pole kwa niaba ya mji mzima, nikaingia nyuma ya kidirisha na kucheka ndani ya kofia. Halafu nikaona aibu. Halafu nikacheka tena kidogo.

Adhuhuri. Habari mbaya. Nimepita nyumba ya Radisav, kwa bahati tu, ni njia ndefu lakini inapendeza. Nimemwona Ljubinka akiingia getini na sufuria imefungwa kitambaa. Supu ya kuku. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa, bila shaka, lakini pazia lilikuwa wazi. Radisav alikuwa amekaa kwenye kiti mgongo wazi, na Ljubinka alikuwa anamkanda shingo kwa rakija, ile pombe yetu kali ya matunda. Kwa mikono yake. Ile ile! Anamimina kwenye kiganja, anasugua, anamfunika shuka, anamimina tena. Radisav alikuwa amefumba macho kama paka juu ya jiko la kuni.

Mimi ndiye niliyemweka pale. Kwa dirisha la kiasi cha ngumi nimempa Radisav mikono yote miwili, bila akodiani, bila Bi Verica.

Nilisimama nyuma ya mti wa mlozi hadi gome lake likalowa.

Jumatano, 20 Septemba

Radisav amekuja mazoezini. Anatembea ubavu ubavu, mtandio wa sufu shingoni, ananuka rakija hadi barabarani. Amepokelewa kama aliyerudi vitani. Wamempa kiti mbali na dirisha, mbali na mlango, na mbali na mimi. Ljubinka alimfunga mtandio upya. Kila mtu amesimulia shingo ya ndugu yake.

Kwenye mstari, Ljubinka aliponipa mkono nilikuwa nimejaa hofu hadi sikuhisi hatua. Nilikuwa nauvuta mkono kila mara, nijipanguse, niurudishe, niuvute tena, nione kama amepangusa wa kwake. Bi Verica alisimamisha ngoma. Akasema, "Bwana Vitomir, hii ni kolo, si kukamua ng'ombe." Nilicheka kuliko wote.

Majibu ya damu yametoka. Tezi ya shingo ni nzima. Daktari Nevenka amepiga simu mwenyewe, akauliza dawa ya usiku inakwendaje. Nimemwambia imekwisha. Amesema nirudi wiki ijayo tuanze na mabeseni, na kwamba nisifanye chochote kwa akili yangu mwenyewe hadi hapo. Alisema "chochote" kwa mkazo ambao sikuupenda.

Ijumaa, 22 Septemba

Mstari umetangazwa. Bi Verica alisoma majina akiwa amesimama juu ya kiti. Ljubinka, kati yake na Radisav. Mimi, mkiani kabisa, ambapo mkono mmoja unashika mtu na mwingine unapunga leso. Wa kushikana nami ni mke wa mfamasia, aliyekuja amevaa glavu za sufu. Kasema ana ubaridi wa vidole.

Ljubinka hakunitazama. Nilimwona akisuguasugua mkono wake wa kulia, pole pole, kama unauma.

Imekwisha. Sina mpango. Nimerudi nyumbani nikakaa jikoni na Mama, na Mama, bila kuuliza kitu, akanimenyea tufaha na kunikatia vipande kama nilipokuwa mdogo.

Jumamosi, 23 Septemba

Sijui nianzie wapi. Mkono umelowa, na leo naona ni sawa tu.

Uwanjani watu walijaa, moshi wa nyama choma umetanda, pilipili nyekundu zimening'inizwa hadi kwenye taa za barabarani. Tulikuwa nyuma ya jukwaa na vizibao vyetu vya tarizi. Radisav akatoa kichwa nje ya hema, akakirudisha. Alisema hatoki. Jukwaa limewekwa kati ya benki na kanisa, na kati ya benki na kanisa upepo unapita mkato, kila mtu anajua, na yeye ana jasho na shingo ya siku nne. Bi Verica alimbembeleza, akamkaripia, akamwambia ni mwanamume mzima. Radisav akajibu kwamba ndivyo anavyokusudia kubaki. Hakuna aliyemlaumu. Mpiga akodiani akaanza. Bi Verica akanikamata ukosi, akanichomeka kulia kwa Ljubinka, na tukatoka.

Nilitaka kufa. Niliushika kwa vidole viwili. Mduara wa kwanza haujaisha, maji. Nikavuta nijipanguse. Mkono haukutoka. Nikavuta tena. Ljubinka alikuwa amenibana kwa nguvu ya mtu anayenyanyua masufuria ya chekechea, anatazama mbele, anatabasamu kwa watu. Sikuweza kufanya kitu. Tulicheza hivyo, kiganja kwa kiganja, hadi mwisho, na sikukosea hatua hata moja, na jasho lilikuwa linatiririka hadi kwenye mkono wa shati lake, na sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa na furaha kiasi hicho na hofu kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Nyuma ya hema aliniambia, bado amenishika. Alisema, "Vitomir, maji yako hayanisumbui. Mimi nashinda kwenye maji kutwa nzima, nimelea watoto, nimemwogesha mume wangu hadi siku yake ya mwisho. Kinachonisumbua ni kwamba unaniachia. Kila mduara unaniachia katikati ya hatua, nabaki nimeshika hewa mbele ya watu, karibu nianguke. Nikasema huyu bwana ananionea kinyaa, bora nisogee, nisimtese." Macho yake yalikuwa yameloa. Nikasema kitu, sijui nini. Nadhani nilitaja unyevu wa hewa.

Akacheka, kwa mabega. Kisha akasema kesho wanachoma pilipili za ajvar, ile rojo ya kuweka akiba ya baridi, nyumbani kwake, mama yake na dada yake watakuwepo, nipite mchana. Niliuliza nilete nini. Alisema nisilete kitu, nije na mikono yangu tu.

Jumapili, 24 Septemba

Nimeamka mapema, akili imetulia, na nimeyapitia maneno yake yote moja baada ya jingine. Ni mwanamke mwenye huruma sana. Mtu mwenye huruma angesema nini kingine? Hawezi kumwambia mwanamume mbele ya hema kwamba analowesha. Amenitafutia njia ya heshima, Mungu ambariki, na mimi sitaitumia vibaya.

Zaidi ya hayo, kuna mama yake. Ajuza ambaye sijawahi kumwona, atataka kunishika mkono mlangoni. Kuna dada. Kuna moto wa kuchomea pilipili, joto la kutosha kuniyeyusha mzima mzima. Na watanipa pilipili za kumenya, na zitateleza, na zitaruka. Nilikaa kitandani nikitoa jasho kwa kuwaza tu. Halafu wazo likaja lenyewe, kamili, zuri hata nikashangaa kwa nini sikuliona tangu mwanzo.

Bendeji.

Mama amenifunga mikono yote miwili, kutoka ncha za vidole hadi karibu na kiwiko, tabaka nene, na pini juu. Alifunga kwa moyo wote, anapenda sana kazi hii. Nitasema nimeungua na pasi. Hakuna atakayenisalimia kwa mkono, hakuna atakayenipa pilipili, hakuna atakayeguswa na tone hata moja. Mama ameshanivika viatu, na jirani atanifungulia geti la Ljubinka.

Naandika kwa shida, kalamu imekaa kati ya bendeji na kidole gumba. Ljubinka atanyoosha mkono, ataona, ataurudisha mwenyewe. Safari hii hatasema ni mimi niliyeachia.